Nyundo na Jiwe: Habari za Uashi katika Nchi za Nachingwea na Ruangwa

Neno nyundo halihitaji kufasiriwa kwa msomaji ye yote wa kurasa hizi. Mtoto wa darasa la kwanza hulijua, na fundi hulitaja kila siku. Walakini neno likijulikana mno huacha kuulizwa, na lisipoulizwa huweza kuficha mambo mengi. Mwalimu aliyekabidhiwa usimamizi wa ujenzi wa darasa huko Nachingwea au Ruangwa, akimtuma kijana dukani na kumwambia, "Kanunue nyundo," mara nyingi ataletewa nyundo ya seremala, yenye uso mdogo upande mmoja na ukucha wa kung'olea misumari upande wa pili. Chombo hicho ni chema kwa mbao. Kikipelekwa juu ya jabali hushindwa, na pengine humwumiza aliyekishika. Kosa si la kijana, wala si la mwenye duka. Ni la neno moja lililobebeshwa vyombo vingi bila kuvipambanua. Basi tumeona yafaa tueleze jinsi neno hili lilivyopata mzigo huo, na jinsi ujenzi wa mawe ulivyopanda toka pwani hata nchi hizo mbili. Maana ndani ya historia hiyo twaona kanuni moja ambayo fundi wa mawe hana budi kuishika: mfuko hauchagui nyundo, wala mazoea hayaichagui, jiwe ndilo liichaguayo.

Tuanze na neno lenyewe. Asili yake ni ya kale sana, wala halikuletwa na wageni. Waganda husema ennyondo, Wanyarwanda inyundo, Wachewa nyundo. Na huko Kongo ya magharibi neno lililo ndugu yake ni nzundu. Lugha zilizokaa mbalimbali muda mrefu namna hii zikishika neno moja kwa kitu kimoja, ni dalili kubwa ya kwamba kitu chenyewe kilijulikana kwa wazee wao tangu zamani. Nyundo hiyo ya kale ilikuwa ya mhunzi. Katika Rwanda na Karagwe nyundo za chuma zilihesabiwa pamoja na vyombo vya heshima vya wafalme, kwa kuwa afuaye chuma ndiye aliyewapa watu jembe na mkuki. Kiswahili nacho kimehifadhi ushahidi wake: kile ambacho juu yake mhunzi hufulia chuma chaitwa fuawe, na wenye kuchunguza lugha hulieleza neno hilo kuwa ni fua na jiwe, yaani jiwe la kufulia. Twafua chuma, twafua nguo. Na katika kazi hizo mbili kitu hupigwa ili kitengenezeke, si ili kivunjike. Jiwe la ukuta halifuliwi. Hupasuliwa, huvunjwa, huchongwa. Kwa hiyo neno la mhunzi lilipopewa mwashi lilihamia kazi iliyo kinyume cha kazi yake ya kwanza, wala hakuna aliyelibadili ili kuonyesha tofauti hiyo.

Maneno ya kazi ya mawe yana habari nyingine. Kiswahili cha pwani kilipambanua vitenzi viwili ambavyo siku hizi twavichanganya. Kujenga kulikuwa hasa kuunga miti, fito na kamba, kisha kukandika udongo; kuaka kulikuwa kujenga kwa mawe na chokaa. Kutoka katika kuaka twapata mwashi, waashi na uashi. Kitenzi chenyewe kimekwisha kusahauliwa na wengi, lakini watoto wake wangali hai, na wao watuambia ya kwamba wazee wa pwani waliona kazi ya mawe kuwa kazi ya peke yake, yenye mafundi wake, vyombo vyake na maneno yake: chokaa, tanuu, boriti, sakafu, timazi, tindo, mtaimbo. Atakaye kujua nyundo ya mwashi hana budi kuanzia huko, si katika kiwanda cha mhunzi.

Wala hana haja ya kwenda mbali. Mkoa wa Lindi, ulio na wilaya za Nachingwea na Ruangwa, una pia Kilwa Kisiwani, mahali ambapo uashi wa pwani ulifikia kimo kikubwa. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianzwa katika karne ya 11, ukapanuliwa sana katika karne ya 14. Jumba la Husuni Kubwa lilijengwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika mwaka wa 1331. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliandikwa mwaka wa 1981 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu.

Mawe ya kazi hiyo yalikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ni tumbawe lililotolewa baharini likingali bichi. Likiwa na maji yake huwa laini, hata laweza kukatwa kwa shoka na kuchongwa kwa tezo; likiisha kukauka huwa gumu. Kwa jiwe hilo mafundi walifanya miimo ya milango, mihrabu na nakshi. Namna ya pili ni jiwe la matumbawe ya kale lililochimbwa katika nchi kavu. Hilo ni gumu zaidi, lina matundu mengi, wala halikubali kuchongwa vizuri. Lilivunjwa vipande visivyolingana, likalazwa katika chokaa nyingi, nayo chokaa ndiyo iliyosawazisha uso wa ukuta. Basi katika namna zote mbili nyundo nzito haikuwa na kazi kubwa. Jiwe lenye matundu hulimeza pigo: ukilipiga kwa nguvu nyingi husagika pale pale palipopigwa, na ufa hauendi mbali. Nyundo ya wastani, yenye ncha au bapa upande mmoja, pamoja na mtaimbo na sururu, vyatosha kwa jiwe kama hilo.

Pwani ndiko tupatako pia mwanzo wa kazi ya kutandaza. Neno sakafu latoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni dari au paa. Kwetu limepata maana ya mahali pa kukanyagwa kwa sababu paa la nyumba ya mawe lilikuwa bapa, na watu walilitembea. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hata ukuta. Na kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu, vyumba vya nyumba hizo vikawa vyembamba. Juu ya boriti walipanga mawe, na juu ya mawe walimwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto. Kisha watu wengi walijipanga kwa safu, wakaipiga kwa nyimbo na kwa mwendo mmoja, siku baada ya siku, mpaka ikawa kitu kimoja. Chombo walichopigia kilikuwa cha mti, nacho kiliitwa kipande. Makamusi ya kale ya Kiswahili yaitaja maana hiyo, ijapokuwa wengi wetu leo tukisikia kipande twafikiri juu ya mkate au nguo tu.

Kwa nini mti, wala si chuma? Pigo la chuma ni kali, nalo hufika mahali padogo. Huvunja kokoto zilizo juu na kuziacha zile za chini zikiwa na nafasi kati yao. Pigo la mti ni pana tena la upole. Huisukuma chokaa iingie katika nafasi zile, na maji yakapanda juu. Hapa pana msingi wa kazi nzima, nao twaomba msomaji aushike, kwa maana tutaurudia: chuma ni kwa kuvunja, mti ni kwa kulaza.

Kwa muda mrefu uashi huu haukupanda bara. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Mtu asidhani ya kwamba hiyo ilikuwa dalili ya ujinga. Watu waliohamisha mashamba yao ardhi ilipochoka walihitaji nyumba iwezayo kuachwa bila hasara na kujengwa tena kwa siku chache. Nyumba ya mawe ingekuwa kifungo kwao. Tena njia za misafara zilizotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi zilipita katika nchi za kusini, na hatari ya biashara ya watumwa haikumpa mtu moyo wa kujenga nyumba ya kudumu.

Mwaka wa 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mapatano, na mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa mahali pa soko lile. Askofu Edward Steere, mtu yule yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili kilichochapwa mwaka wa 1870, aliisimamia kazi ile ya matumbawe. Mwaka wa 1876 alipanda toka Lindi pamoja na watu waliokombolewa, nia yao ikiwa kufika mbali zaidi katika nchi ya Wayao. Lakini watu walipofika Masasi waliomba kukaa hapo, nao wakakaa. Baadaye Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka wa 1895 na Nyangao mwaka wa 1896. Vituo hivyo viwili viliharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka wa 1905, na mwaka wa 1906 Ndanda ikaanzishwa. Paa la nyasi na ukuta wa miti havisimami mbele ya moto. Basi mwenye kutaka jengo la kudumu alikuwa na haja ya tofali la kuchoma, au ya jiwe la nchi ile.

Lakini jiwe la nchi ile si jiwe la Kilwa, na hapo ndipo ilipoanza shida tunayoieleza. Masasi na Nachingwea zapakana, na atazamaye huko huona majabali makubwa yaliyosimama peke yake katika nchi iliyo tambarare. Miamba hiyo ni ya kale mno. Ilipikwa na kukandwa chini ya ardhi kwa joto na uzito mwingi, hata madini yake yakajipanga kwa mistari. Wataalamu huita jiwe la namna hiyo naisi. Ni gumu kama itale, lakini lina njia zake ndani, kama mti ulivyo na nyuzi. Ukienda mashariki, kuelekea uwanda wa juu wa Rondo, wakutana na mawe ya mchanga, yaliyo laini zaidi. Katika Ruangwa yako pia mawe yenye kinywe, yaachanayo kama kurasa za kitabu, ambayo hayafai kwa ukuta. Kwa hiyo mwashi anayefanya kazi katika wilaya hizi mbili huweza kukutana na mawe matatu yasiyo na tabia moja kwa mwendo usio mrefu sana. Ujuzi wa pwani peke yake haumtoshi. Nyundo iliyokuwa nzito kupita kiasi kwa tumbawe ni nyepesi kupita kiasi kwa naisi.

Jabali halishindwi kwa hasira. Wako wanaoliwashia moto uso wake mpaka liote joto sana, na pengine kulimwagia maji. Tabaka la juu likitanuka na lile la chini likikaa baridi, jiwe huachana kwa mabamba. Njia hii yapunguza kazi, lakini hulidhoofisha jiwe, na mawe yaliyopata moto mwingi yafaa zaidi kwa kokoto kuliko kwa pembe za ukuta. Wengine hutoboa mashimo kwa tindo katika mstari mmoja, hutia kabari za chuma, kisha huzipiga moja moja kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka mlio wake ubadilike. Mlio huo ndio mwalimu. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Fundi asiyesikiliza ataendelea kupiga jiwe lililokwisha kukubali, naye atapata vipande vitatu mahali pa viwili.

Kazi ya kwanza, basi, yahitaji nyundo kubwa ya mikono miwili, yenye uzito wa kilo 4 hata 8 na mpini wa karibu dhiraa mbili. Uzito ni lazima, kwa kuwa pigo la kichwa kizito huingia ndani na kuutuma ufa mbali, ambapo pigo la kichwa chepesi hukwaruza uso tu. Kazi ya pili ni kulipunguza jiwe lililokwisha kupasuliwa. Kwayo yafaa nyundo yenye uzito wa kilo 2 au 3, ambayo ukingo wa uso wake ni mkali, ili ukipiga karibu na ukingo wa jiwe kibanzi kikubwa kiruke kwa pigo moja. Kazi ya tatu ni kuchonga, nayo huhitaji nyundo fupi ya mkono mmoja, ya kilo 1 hata kilo 1 na nusu, pamoja na tindo. Hii ya mwisho haipigi jiwe. Hupiga tindo, na tindo ndiyo ikatayo. Mwenye kuzichanganya kazi hizi tatu hupoteza nguvu zake katika ile ya kwanza, na mawe yake katika ile ya tatu.

Iko pia nyundo ndogo ya mwashi wa matofali, yenye uso wa mraba upande mmoja na bapa kama patasi upande wa pili. Ni chombo chema kwa tofali la kuchoma: fundi hulichora kwa bapa pande zote, kisha pigo moja hulikata. Kwa jiwe la mchanga laini huweza kusaidia kidogo. Kwa naisi ni upotevu, maana bapa lake hubanduka. Wala haifai kupigia tindo, kwa kuwa uso wake haukufanywa kwa kazi hiyo.

Nyundo ya namna nyingine ni ya kokoto. Mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ilijengwa toka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikafunguliwa mwaka wa 1949. Mpango wenyewe uliachwa Januari 1951, baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka wa 1954, na reli ikafungwa mwaka wa 1962. Karanga hazikuitajirisha nchi, lakini kazi za namna hii, reli, barabara, gati na sakafu za saruji, zote zina njaa moja, nayo ni njaa ya mawe madogo yaliyovunjwa. Karne ya nyundo na kokoto ndiyo iliyofuata karne ya nyundo na ukuta.

Mtu aliyeiandikia kazi hiyo kanuni ni John Loudon McAdam, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1756 na kufa mwaka wa 1836. Kabla yake barabara nyingi za Uingereza zilitiwa mawe makubwa, nayo magurudumu yaliyahamisha. McAdam alisisitiza kwamba jiwe lisizidi wakia 6, na kwamba wavunjaji wakae chini wakifanya kazi, kila mmoja akiwa na nyundo ndogo yenye kichwa cha ratli moja hivi, uso wake mdogo na mpini wake mfupi. Alijua sababu yake. Uso mdogo hulikusanya pigo mahali pamoja, basi jiwe hupasuka badala ya kusagika kuwa unga. Na mtu aliyekaa hachoki upesi, wala halazimiki kuinua uzito usiohitajiwa. Ampaye mvunja kokoto nyundo kubwa akidhani amemsaidia, amempa mzigo, na nusu ya jiwe lake ataiona imekuwa vumbi.

Siku hizi kazi imegeuka tena. Nyuani, katika njia za miguu na mbele ya makanisa na shule, watu hutandaza matofali madogo ya saruji, yenye unene wa sentimita 6 au 8, juu ya mchanga usiozidi sentimita chache. Chombo cha kuyalaza ni nyundo ya mpira, au ya mti. Hapa twarudi kwenye kipande cha pwani: nyundo ya mpira ni mjukuu wake, ijapokuwa hakuna awaambiaye vijana habari ya ukoo huo. Tofali lililopigwa kwa chuma huvunjika pembe, au hupata ufa mdogo usioonekana hata mvua ya kwanza. Pigo la mpira hulishusha kidogo na kulikalisha sawa na mwenzake. Mwenye matofali ya rangi nyeupe na aangalie, maana mpira mweusi huweza kuacha alama. Kwa hayo hutumiwa mpira mweupe. Walakini nyundo hii haiponyi ardhi isiyoshindiliwa. Udongo wa chini ukiwa haukushindiliwa vema, matofali yatazama hata yakipigwa na fundi gani.

Wako watakaosema ya kwamba mkono ndio fundi, na kwamba fundi mwema hufanya kazi kwa nyundo yo yote. Neno hilo lina kweli yake, nasi tumewaona mafundi wakifanya mazuri kwa vyombo duni. Pia watatukumbusha mithali isemayo kwamba polepole kamba hukata jiwe. Lakini kamba ile hukata jiwe la kisima kwa miaka mingi, na shule haiwezi kungoja miaka hiyo. Na yule fundi mwema asifiwaye, ukimtazama sana, utaona kwamba chombo kimoja alichonacho hukitumia kwa namna kadha wa kadha: hulegeza mkono kwa jiwe hili, huukaza kwa lile, hugeuza uso wa nyundo kwa la tatu. Jiwe ndilo limwambialo. Wanafunzi wetu na vijana wa vijijini hawajaupata mkono huo. Kuwanyima chombo kifaacho kwa sababu mzee aliweza bila hicho ni kuwatwika uzee wasiokuwa nao.

Tena hasara haiishi katika mawe. Uso wa nyundo ya seremala umefanywa mgumu sana kwa ajili ya misumari. Ukipigwa juu ya jabali, au juu ya nyundo nyingine, huweza kutoa kibanzi cha chuma kirukacho kama risasi, na jicho haliponi kwa kushonwa. Kichwa cha tindo kilichopigwa sana hujitanua kama uyoga. Na kingo zake zisiponolewa, nazo huruka. Vumbi la naisi, lenye chembe za mawe magumu kama kioo, likivutwa pumzini siku nyingi huleta ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuondoa. Kwa hiyo miwani ya kulinda macho si ya mapambo, na ndoo ya maji ya kulowesha jiwe si ya kunywa tu. Mpini nao ukaguliwe kila asubuhi: uwe wa mti wenye nyuzi zilizonyooka, usio na ufa, na kichwa kikazwe kwa kabari. Kichwa kilichochomoka hakichagui wa kumwangukia.

Iwapo fedha ni chache, na kwa kawaida ni chache, twashauri shule au usharika unaojenga kwa mawe ya nchi ununue kwanza vyombo vitatu: nyundo kubwa moja ya kuvunjia, nyundo ya mkono moja pamoja na tindo mbili, na nyundo moja ya mpira kwa kazi ya kutandaza. Wajengao kwa tofali la kuchoma waongeze ile yenye bapa. Vyombo hivyo vyaweza kuazimwa baina ya jirani na jirani, kama sufuria za arusi ziazimwavyo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya ukuta mmoja uliobomolewa ili ujengwe tena.

Limebaki neno la lugha. Majina tuliyoyatumia humu, nyundo ya kuvunjia, nyundo ya tindo, nyundo ya kokoto, nyundo yenye bapa, hatukuyatoa kama sheria. Ni maelezo tu, ya kumwezesha mtu kumwagiza mwingine bila kupotea. Lakini twaamini ya kwamba katika Kimwera, Kimakua, Kimakonde na Kiyao yako maneno ya mawe, ya nyufa, ya milio na ya mapigo, ambayo waliopasua jabali au kusimama karibu na wapasuaji waliyatumia kila siku. Kila jengo lijengwalo kwa saruji tupu humpunguzia mzee wa namna hiyo nafasi ya kumfundisha mtu. Neno lisilotumiwa huondoka kabla ya mwenyewe kuondoka, kama kuaka kulivyokwisha kuondoka vinywani mwa watu wengi wa pwani huku kuta za Kilwa zikiwa zimesimama.

Basi twawaomba walimu na makasisi walio Nachingwea, Ruangwa na pande zile wafanye jambo lisilo na gharama. Mwulizeni mzee fundi wa mawe maswali haya, mkaandike majibu yake kwa lugha aliyoyasemea: jiwe hili laitwaje, njia yake ya ndani yaitwaje, likilia vizuri husemwaje, na likilia vibaya husemwaje, nyundo hii ina jina gani, na ile, na ile, mpini wake ulikuwa wa mti gani, na ni jiwe gani ambalo hakukubali kulipiga kwa nyundo aliyokuwa nayo, na kwa nini. Swali hili la mwisho msiliache, maana katika kukataa kwake ndimo mlimo ujuzi wake mwingi. Kisha orodha hiyo ikabandikwe ukutani mwa chumba kile ambamo nyundo huwekwa, ili kijana atumwaye dukani aisome kwanza, na mwenye duka naye aambiwe jina la chombo kitakiwacho.